Mama mkwe hataki binti yangu atolewe uloto amsaidie mdogo wake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Wa kwanza ni msichana wa miaka 13, yuko darasa la saba. Wa pili ni mvulana wa miaka 8 na ana sikoseli. Tuligundua akiwa hajatimiza mwaka, vidole vya mikono na miguu vilipovimba kwa pamoja akawa analia usiku kucha. Tangu hapo maisha yetu ni kliniki, vidonge vya foliki na haidroksiurea, na kulazwa. Mwaka jana damu yake, ambayo kwa kawaida huwa 7, ilishuka hadi 3 ndani ya siku chache. Tulijua tumempoteza. Cha ajabu, siku chache kabla ya hapo dada yake naye aliugua, ila yeye alipata homa ndogo na mafua tu, akapona bila hata kwenda hospitali.

Sasa madaktari wametuambia mtoto anaweza kupandikizwa uloto, ule uboho wa ndani ya mifupa. Tulipimwa wote wanne, dada yake akaonekana analingana naye kabisa kwa aina ya tishu. Yeye ni AS, yaani amerithi kinasaba cha sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu na haumwi, lakini wamesema hilo halizuii. Watamchoma sindano nyuma ya nyonga, watoe uloto, wampe mdogo wake.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mama mkwe amekuja kutoka kijijini, akakaa kikao na mume wangu na wifi, akasema haiwezekani. Anasema nyonga ya mwanamke ndiyo ya kuzalia, wakiichimba binti atakuwa tasa. Anasema mfupa ukitolewa kilichomo unakauka, na kwamba anamjua mtu aliyechomwa sindano ya mgongo akapooza. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Huyu mmoja ni mgonjwa tayari, mnataka kunipa wagonjwa wawili?" Mume wangu ananyamaza tu. Wifi naye amesimama upande wa mama yake. Ananiletea juisi ya rozela, bitiruti, na sasa dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma, akidai mtoto anaishiwa damu kwa sababu simlishi vizuri.

Shangazi, mimi mwenyewe shuleni nilishika kwamba damu inatoka kwenye moyo, au ni ini, sikumbuki. Nikiulizwa na mama mkwe nashindwa kujibu. Damu inatengenezwa wapi hasa? Ikichotwa kwenye mfupa inarudi? Na nimwambie nini huyu mama ili akubali?

Mama wa wawili, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa yaliyowapata mwaka jana. Kupata ndugu anayelingana si jambo dogo: watoto wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kulingana hivyo, na familia nyingi hupimwa zikarudi nyumbani mikono mitupu.

Nianze na mfupa, maana hofu ya mama mkwe imekaa humo. Moyo hautengenezi damu hata tone, kazi yake ni kuisukuma. Ini lina haki yake kidogo, kwa sababu mtoto akiwa tumboni ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya chembe za damu, hadi kuelekea kuzaliwa uloto unapoichukua kazi hiyo. Baada ya hapo chembe karibu zote, nyekundu, nyeupe na zile ndogo za kugandisha damu, hutoka kwenye uloto, yaani uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Kwa mtoto mdogo karibu kila mfupa una uloto mwekundu unaofanya kazi. Anapokua, ule wa mifupa ya mikono na miguu hugeuka taratibu kuwa mafuta ya njano (huo ndio tunaoufyonza kwenye mfupa wa supu), na kazi inabaki kwenye nyonga, pingili za mgongo, mbavu, mfupa wa kifua, fuvu na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mabega. Nyonga ndiyo yenye akiba kubwa inayofikika kwa urahisi. Kwa hiyo madaktari hawakuichagua kwa kuwa ni ya mwanamke. Hata mwanaume angechomwa hapohapo.

Ndani ya uloto kuna seli chache sana ziitwazo seli shina. Hizi zina tabia ambayo seli nyingi za mwili hazina: ikijigawa, inaweza kuacha nyingine kama yenyewe na wakati huohuo kutoa ile itakayokwenda kuwa chembe ya damu. Mgomba utakusaidia kumweleza mama mkwe. Unakata mkungu, mti ule unakwisha, lakini tunguu lililo ardhini linaendelea kutoa machipukizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, waliwachukua panya ambao uloto wao ulikuwa umeuawa kwa mionzi, wakawadunga uloto wa panya wazima. Kwenye bandama za panya wale vikaota vinundu, na baadaye ikathibitika kwamba kinundu kinaweza kutokana na seli moja tu, nacho kikawa na chembe za damu za aina zaidi ya moja. Upandikizaji wote wa uloto unategemea jambo hilo. Hakuna haja ya kuhamisha uloto mzima wa binti yako. Sehemu ndogo yenye seli shina za kutosha inatosha kuanzisha upya damu ya mdogo wake, na ile iliyobaki kwa binti inajaza pengo.

Kuhusu kasi ya kazi hiyo: mtu mzima mwenye afya hutengeneza chembe nyekundu kama bilioni 200 kila siku, zaidi kidogo ya milioni 2 kwa sekunde. Chembe nyekundu inapokaribia kukomaa hutupa kiini chake nje ili ibaki na nafasi ya kubeba hemoglobini, ile protini nyekundu inayoshika oksijeni, kisha inaingia kwenye mishipa na kuishi takriban siku 120. Chembe za kugandisha damu huishi siku 8 hadi 10. Chembe nyeupe nyingi zinazopambana na bakteria hazifiki hata huko. Kwa maneno mengine, mama mkwe mwenyewe, hapo alipokaa akikataa, hana chembe nyekundu hata moja aliyokuwa nayo mwaka jana wakati kama huu. Zote zimeshakufa na kuzaliwa upya, na mfupa wake haujakauka.

Anayeamrisha kasi iongezwe ni figo. Figo zikihisi hewa ya oksijeni imepungua kwenye damu hutoa homoni iitwayo erithropoietini, na uloto unaongeza uzalishaji. Ndiyo sababu wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu mara nyingi huishiwa damu, wakapewa homoni hiyo kwa sindano. Kwa binti yako figo zitafanya kazi hiyo zenyewe.

Sasa kwa mwanao, na hapa naomba wifi asome. Huyu mtoto haishiwi damu kwa sababu ya chakula chako. Uloto wake unatengeneza damu nyingi kuliko wako wewe. Tatizo ni kwamba hemoglobini yake, ikishaachia oksijeni, hujipanga kama vijiti na kuikunja chembe ikawa kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa myembamba, hapo ndipo maumivu yanapotokea, na hufa baada ya siku 10 hadi 20 tu badala ya 120. Uloto unakimbizana na vifo hivyo mchana na usiku. Foliki anapewa kwa sababu hiyo: kila seli inayojigawa inahitaji foliki, na yeye seli zake zinajigawa kupita kiasi. Na kama ulijiuliza kwa nini alizaliwa mzima akaanza kuumwa baada ya miezi kadhaa, ni kwamba mtoto mchanga huzaliwa na hemoglobini ya tumboni, ambayo haijipangi vile. Ikishapungua, ugonjwa unajitokeza. Haidroksiurea inafanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuirudisha hemoglobini hiyo ya utotoni.

Lile tukio la mwaka jana limenishughulisha. Siwezi kumpima mtoto kwa barua, lakini ulivyoeleza, dada na homa ndogo, kisha mdogo damu kuporomoka kwa siku chache, kunafanana sana na kirusi kiitwacho parvo B19. Kirusi hiki huingia kwenye seli changa za uloto zinazokwenda kuwa chembe nyekundu, uzalishaji ukasimama kwa wiki moja au zaidi. Dada yake hakuona kitu kwa sababu chembe zake huishi siku 120, wiki moja bila mpya si kitu. Mdogo wake, ambaye chembe zake hazifiki hata wiki tatu, aliishiwa. Waulize kliniki kama walikiona. Kwa kawaida mtu akishakipata hakimrudii, hilo likupe nafuu kidogo. Wala msimlaumu dada mtu. Kirusi hiki kinapita shuleni kama mafua mengine.

Turudi kwenye sindano. Kuna vituo vinavyokusanya seli shina kwa mashine kupitia mshipa wa mkono, lakini ninyi mmeambiwa nyonga, basi nazungumzia nyonga. Binti atalazwa na kupewa nusu kaputi, hatasikia chochote. Atalazwa kifudifudi, na daktari ataingiza sindano kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa wa nyonga, juu kidogo ya makalio, na kuvuta uloto ambao kwa macho unafanana na damu nzito. Hakuna kupasua. Kazi yote huchukua kama saa moja hadi mbili. Kiasi kinategemea uzito wa watoto wote wawili, na ni sehemu ndogo ya uloto wote alionao. Kwa kawaida hurudi ndani ya wiki 4 hadi 6. Atakuwa na maumivu ya kiuno kama ya mtu aliyeanguka, kwa siku kadhaa, wengine hadi wiki mbili, na huenda akapewa vidonge vya madini ya chuma kwa muda. Hatari zipo: dawa ya usingizi yenyewe, kuvuja damu, maambukizi pale palipochomwa. Kwa mtoto mwenye afya madhara makubwa ni nadra, lakini mtu asikuambie hayapo kabisa.

Yule aliyechomwa mgongo akapooza simjui, wala sijui alikuwa anaumwa nini. Ninachojua ni kwamba sindano ya uloto haiendi kwenye uti wa mgongo. Uloto uko ndani ya mfupa, uti wa mgongo ni kamba ya neva inayopita kwenye tundu la pingili, na nyonga iko mbali nao. Ovari pia haziguswi. Ziko ndani ya tumbo la chini, ilhali sindano inaishia kwenye mfupa wa nyuma. Binti atazaa kama angezaa.

Lakini usimcheke mama mkwe. Swali lake la uzazi ni la kweli kabisa, ila limemwangukia mtoto asiyehusika. Mwenye hatari ya kutozaa ni mvulana.

Ili uloto wa dada upate mahali pa kukaa, uloto wa mdogo lazima uondolewe kwanza kwa dawa kali, za jamii ileile inayotibu saratani. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kuharibu uwezo wake wa kuzaa baadaye. Kisha hupita wiki mbili hadi nne ambazo uloto wa zamani haupo na mpya haujashika, na katika siku hizo homa ndogo inaweza kuwa hatari kubwa. Baada ya hapo kuna uwezekano uloto mpya ukataliwe na mwili, au chembe nyeupe za dada ziushambulie mwili wa mdogo: ngozi, ini, utumbo. Atakuwa na dawa na kliniki kwa miezi mingi. Watoto wengi waliopata uloto wa ndugu anayelingana hupona. Ripoti kutoka vituo vyenye uzoefu huonyesha zaidi ya 9 kati ya 10 wakiwa hai miaka kadhaa baadaye. Hata hivyo huyo mmoja naye ana mama yake. Hapo Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikiwapandikiza uloto watoto wenye sikoseli tangu 2023, kwa hiyo si lazima tena kufikiria India. Popote mtakapoelekezwa, waulizeni waziwazi: mmefanya watoto wangapi, wangapi wamepona, mnatumia dawa gani, uzazi wake utakuwaje, tutakaa hospitali muda gani, na nani analipa nini. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Uloto ukishika, mwanao atakuwa anatengeneza damu ya dada yake. Atakuwa AS kama yeye, na AS kwa maisha ya kawaida si mgonjwa. Hili si jipya: mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, waliripoti binti wa miaka 8 mwenye sikoseli na saratani ya damu aliyepandikizwa uloto wa ndugu yake mwenye AS. Walilenga kutibu saratani, sikoseli nayo ikaondoka. Kundi la damu la mwanao likiwa tofauti na la dada, litabadilika kuwa la dada. Hata vinasaba vya chembe zake za damu vitasomeka kama vya msichana, jambo ambalo naona mama mkwe asiambiwe wiki hii. Ila mbegu zake za uzazi hazibadiliki. Akija kuzaa, kila mtoto atarithi S, kile kinasaba cha sikoseli, kutoka kwake, hivyo mke wake wa baadaye lazima apimwe. Liandike mahali, kwa sababu miaka 15 ijayo kila mtu atakuwa amesahau kwamba aliwahi kuumwa.

Mwanangu, nimesoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta kitu kimoja nisikione. Umeniambia anachosema mama mkwe, wifi, madaktari, hata ukimya wa mume wako umeutaja. Binti mwenyewe anasemaje? Ana miaka 13. Ndiye atakayelazwa kifudifudi, ndiye atakayechomwa, na ugonjwa si wake. Kisheria mzazi ndiye anayetia saini, lakini mtoto wa umri huo anaelewa, na anastahili kuelezwa na kuulizwa kabla watu wazima hawajamaliza kikao chao.

Mimi nisingemuuliza mezani mbele ya mdogo wake, wala mbele ya bibi. Omba kliniki wampe muuguzi au mshauri akae naye peke yake, bila wewe. Aeleze anachokiogopa. Inawezekana amekwisha kusikia maneno ya bibi kuhusu utasa na analala nayo kila usiku, naye ndio kwanza anavunja ungo au yuko karibu. Aambiwe wazi kwamba ana ruhusa ya kuogopa na ana ruhusa ya kusema bado. Na aambiwe mapema, kabla ya sindano, kwamba uloto ukikataliwa au mdogo akizidiwa, kosa si lake. Watoto waliotoa uloto ukashindwa huweza kubeba hatia ambayo hakuna aliyewatwika. Halafu yuko darasa la saba, na mtihani wa taifa ni Septemba. Kama hali ya mdogo inaruhusu, waulize madaktari kama zoezi linaweza kusubiri aumalize.

Akikubali, nenda kwa mama mkwe naye akiwa pamoja nawe, si wewe peke yako. Mchukueni mpaka kliniki, akae kwenye kiti mbele ya daktari na aulize yote, la nyonga, la kupooza, la mfupa kukauka. Ni mama wa watu, ameona mengi yakiharibika hospitalini na ana haki ya kuogopea wajukuu wawili kwa pamoja. Ila kura hana. Hilo ni la mume wako kumwambia mama yake, kwa adabu, na ukimya wake ndio unaonitia wasiwasi kuliko maneno ya bibi. Mwambie nimesema.

Kuhusu wifi: rozela na bitiruti havina ubaya, mtoto anywe kama anapenda. Dawa ya madini ya chuma usimpe. Mwili huchukua madini hayo kwenye chembe zilizokufa na kuyatumia tena, na hauna njia ya kuyatoa yakizidi. Kila chupa ya damu anayoongezewa mtu mzima huleta kama miligramu 200 hadi 250, na mwanao, kwa damu iliyoshuka hadi 3, bila shaka ameshaongezewa. Yakirundikana huharibu ini na moyo. Ichukue chupa ya wifi uende nayo kliniki, waombe wapime feritini yake kwanza (kipimo kinachoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini), na uwape orodha ya mara zote alizowahi kuongezewa damu, hata zile za hospitali nyingine.

Shangazi